Fundi Anajibu: Umeme ukikatika, mlango wako unafanya nini?

Mwezi huu barua zimejaa milango ya kujifungua yenyewe, ile ya vioo tuliyozoea kuiona benki na supamaketi na siku hizi imefika mpaka famasi za mtaani. Nimefurahi kweli, maana hii ndo kazi ninayoifanya kila siku, na kila wiki naitwa kurekebisha mlango ambao ungefungwa vizuri tangu mwanzo nisingeitwa. Nimechagua barua tano, nimezifupisha kidogo tu.

Shikamoo fundi. Nina famasi Sinza, Dar es Salaam, nataka kutoa mlango wa zamani niweke wa kioo unaojifungua wenyewe. Uwazi wa mbele ni mita 3. Fundi vioo kaniambia ninunue mota yoyote Kariakoo yeye atafunga. Nimeona moja ya bei ya chini na nyingine karibu mara tatu yake. Nichukue ipi? – Dada wa famasi

Marahaba dada. Kwa sasa usichukue yoyote. Mota ndo kitu cha mwisho kununua, watu wengi wanaanza nayo kwa sababu ndo inaonekana dukani, halafu wanakuja kulazimisha mlango ufanane na mota.

Anza na huo uwazi wako wa mita 3. Mlango wa kuteleza unahitaji mahali pa kwenda ukifunguka, kwa hiyo karibu nusu ya mita zako 3 italiwa na vioo ambavyo havitembei, na njia ya kupita itabaki kama mita moja na nusu hivi, ambayo kwa famasi inatosha kabisa, mtu na mtoto mgongoni na mfuko mkononi anapishana na mwenzake. Wenye maduka wengi hili hawalijui mpaka siku ya kufunga, unamkuta mtu kaota mlango wa mita 3 wazi wote halafu anamlaumu fundi.

Sasa njia hiyo unaweza kuipata kwa kioo kimoja kikubwa kinachokwenda upande mmoja au kwa vioo viwili vinavyoachana katikati, na hapa ndo uzito unaingia. Kioo cha milimita 12 kina kilo 30 kila mita moja ya mraba, cha milimita 10 kina kilo 25. Chukua urefu wa mita 2.4: kioo kimoja cha upana wa mita 1.55 kwa milimita 12 kinakupa kama kilo 112, wakati ukigawa mara mbili kila kimoja upana wa sentimita 80 unapata kama kilo 58 kila upande, na hapo hata fremu na vishikio sijahesabu. Mota ya bei ya chini uliyoiona inaweza ikabeba hizo 58 bila shida na ikafa na hizo 112 ndani ya mwaka. Angalia kibandiko chake kimeandikwa kilo ngapi kwa kila jani la mlango, yaani kila kipande kinachotembea, na usinunue inayolingana sawasawa na kioo chako, acha nafasi ya kutosha, mimi siwekagi mota kwenye ukomo wake hata siku moja.

Mwambie fundi vioo apime baada ya vigae vya sakafu kukamilika, sio kabla. Kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto, kikishatoka kiwandani hakikatwi tena wala hakitobolewi, ukikosea sentimita moja umenunua kioo kingine, na nimeshuhudia mtu analia mlangoni kwake kwa sababu hiyo. Kingine, ile reli inayobeba kila kitu inakaa juu ya mlango, itafungwa wapi? Kama juu kuna linta ya zege sawa, ila kama ni tofali zenye matundu au jipsam imefunika hewa tupu, boliti zitashika siku ya kwanza tu, baada ya mlango kwenda na kurudi mara elfu kadhaa zinaanza kucheza. Hapo weka boksi paipu ya chuma kutoka ukuta hadi ukuta, ifungwe vizuri, ndo reli ije juu yake. Na reli iwekwe kwa pimamaji, fundi akikuambia anapima kwa macho muage kwa heshima.

Turudi kwenye bei mara tatu. Muulize muuzaji ndani ya hiyo bei kuna nini. Kuna sensa, yaani vile vijicho vya kumwona mtu, nje na ndani? Sensa zenyewe zinamwona mtu anayetembea tu au na aliyesimama? Kuna betri? Mkanda, magurudumu na bodi, yaani ile sakiti inayoiamuru mota, vinapatikana hapa nchini au vinaagizwa? Swali hilo la mwisho ningelipa hela kuliko mengine yote, sababu mlango uliokufa bodi unaweza kukaa wazi miezi miwili unasubiri mzigo, na wewe unauza dawa zinazotaka ubaridi.

Siku ya kukabidhiwa, kabla hujamalizia malipo, simama katikati ya mlango ukiwa unajifunga. Usinyooshe mkono, usitikisike. Ukikugusa hata kidogo kabla ya kurudi, kazi haijaisha. Halafu pitisha penseli kwenye nafasi iliyopo kati ya kioo kinachotembea na kile kilichosimama. Wenzetu Ulaya wanataka nafasi ya namna hiyo iwe milimita 8 au chini ili kidole kisiingie, au ianzie 25 ili kidole kikiingia kitoke salama. Penseli ya kawaida ina unene kama milimita 7, kwa hiyo ipite kwa kubana. Ikipita huku inacheza, ujue kidole cha mtoto nacho kitapita, na watoto famasini wanashikashika vioo wakati mama zao wanahesabu hela.

Fundi, nina mota ya geti imebaki baada ya kujenga. Naweza kuifunga kwenye mlango wa duka langu la jumla Kahama? – Mfanyabiashara

Hapana kaka, usifanye hivyo. Mota ya geti imetengenezwa kusukuma chuma kizito mara chache kwa siku, mbele ya gari lililosimama kusubiri. Mlango wa duka unafunguka mamia ya mara, na anayepita ni mtu mwenye mifupa. Ile nguvu haijui kusimama kwa upole. Iuze, hela yake iongezee kwenye mlango wenyewe.

Habari fundi. Sisi ni zahanati binafsi Dodoma. Mlango wetu wa mbele ni wa bawaba, tuliuwekea mota na sensa ili wagonjwa wasihangaike kusukuma. Wiki iliyopita ulifunguka ghafla ukampiga begani mzee mwenye mkongojo, nusura aanguke. Wafanyakazi wanataka tuutoe kabisa. Unatushaurije? – Muuguzi

Poleni sana dada, na mpe pole mzee. Msiutoe. Mlango huo ni msaada mkubwa kwa mtu wa kiti cha magurudumu kuliko karibu kitu kingine chochote pale mbele, na nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, majengo yanayohudumia watu yafikike. Kilichokosewa ni namna ulivyofungwa na kuwekewa spidi.

Mlango wa kuteleza ukifunguka haumfuati mtu. Wa bawaba unakuja usoni. Sensa ikiuamsha wakati kuna mtu kasimama ndani ya ule mzunguko wake, hana pa kukimbilia, na mwenye mkongojo hakimbii. Kwa hiyo kwenye bawaba zipo njia mbili. Ya kwanza uache wa spidi kubwa wa sensa, ila uweke vizuizi pembeni watu wasisimame njiani mwa mlango na sensa za usalama juu ya jani lenyewe, pande zote mbili. Ya pili, na hii ndo nawashauri nyie, ni mlango wa mwendo wa pole unaofunguliwa kwa kitufe kikubwa ukutani. Mtu akibonyeza mwenyewe anajua mlango unakuja, anajiandaa.

Wamarekani wana kanuni ya milango ya mwendo wa pole ambayo mimi naitumia hata hapa kwa sababu inapimika: mlango usifike karibu na mwisho wa kufunguka chini ya sekunde 3, ukishafunguka ukae wazi angalau sekunde 5, na nguvu ya kuuzuia isizidi niutoni 67, yaani kama kuzuia kitu cha kilo 7 hivi, bibi anaweza kuusimamisha kwa kiganja. Bodi nyingi zina viskrubu au vitufe vya kurekebisha hayo yote, fundi anamaliza nusu saa, hamhitaji kununua mota mpya.

Ila hizo sekunde 5 ni kiwango cha chini kabisa. Kuna hospitali moja nilifunga mlango nikauweka sekunde 5 kama kitabu kinavyosema, nikakunja vifaa, halafu nikasema ngoja nikae kwenye benchi la wagonjwa nione. Akaja mama mmoja mtu mzima anasukumwa na binti yake kwenye kiti. Binti akabonyeza kitufe, akarudi nyuma ya kiti, akatoa breki, akasukuma, gurudumu dogo la mbele likagota kwenye ule ukingo wa kizingiti, akarudisha nyuma kidogo akainua. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, nikafika 11 ndo mama akawa ndani, na mlango ulishaanza kurudi ukasimamishwa na sensa mita kasoro kutoka magoti yake. Nilifungua vifaa tena nikaweka sekunde 15, na ule ukingo nikaomba usawazishwe siku hiyohiyo. Tangu hapo zahanati na hospitali zote naweka 15 nikiwa sijaambiwa.

Kitufe msikiweke ukutani palepale mlango unapofungukia, kiwe pembeni au nyuma kiasi kwamba aliyekaa kwenye kiti akibonyeza mlango hauwezi kumfikia. Kimo chake mkono wa mtu aliyekaa ukifikie, mita moja kutoka chini inatosha. Na njia yenyewe mlango ukiwa wazi iwe sentimita 90.

Asalaam aleykum fundi. Tuna hoteli ndogo Paje, Unguja. Mlango wa mapokezi ni wa bawaba wenye mota, upepo wa kusi ukija unagombana nao hadi mota inaunguruma. Pia mlango wa upande wa mgahawa, wa kuteleza, unafunguka peke yake usiku kucha hakuna mtu. Walinzi wameshaanza kusema mengine. – Meneja

Waaleykum salaam. Waambie walinzi wasiwe na wasiwasi, huo wa mgahawa nitauanza. Sensa ya juu ya mlango huwa ni ya rada, inaangalia kitu kinachosogea, na haijui kama ni mgeni au ni jani la mnazi. Nenda usiku usimame pale uangalie kinachotikisika mbele yake: mimea ya kwenye vyungu, pazia, feni, maji ya mvua yanayodondoka kutoka ukingoni mwa bati. Rada inapenya hata kioo na pazia jepesi, kwa hiyo kinachoisumbua kinaweza kikawa upande wa pili. Hamisha vyungu, inamisha sensa itazame chini karibu na mlango badala ya kutazama bustani nzima, punguza ukali wake. Nimemaliza kesi nyingi za namna hii bila kubadilisha hata waya.

Kuhusu wa mapokezi, hapo upepo una haki. Jani la mlango wa bawaba ni tanga, na pwani ya mashariki kusi inapiga miezi mingi, mota itagombana na tanga hilo kila siku mpaka ichoke. Unajua mlango wa kuteleza wa otomatiki wenyewe ulizaliwa kwa sababu hiihii? Wamarekani wawili, Lew Hewitt na Dee Horton, waliufikiria mwaka 1954 huko Corpus Christi, Texas, mji wa pwani kama ninyi, baada ya kuona milango ya bawaba inashindwa na upepo wa pale, na mwaka 1960 wakaanza kuiuza. Kwa hiyo ushauri wangu badilisha uwe wa kuteleza. Kama bajeti hairuhusu mwaka huu, jengeni ukuta mfupi au kiambaza cha kuuvunja upepo kabla haujafika mlangoni, kuiongezea mota nguvu usikubali, maana nguvu hiyo ya kuushinda upepo ndo hiyohiyo itamgonga mgeni.

Na chumvi. Skrubu, boliti na vishikio viwe vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, muuzaji atakupa 304 atakuambia ni kilekile, kwa Dodoma ningekubali ila kwa Paje hapana. Ile reli ya chini inayoongoza kioo isafishwe kila siku, mchanga unaoingia na miguu ya wageni ukijaa humo mlango unadhani umegonga mtu, unarudi nyuma, na hautofunga.

Salamu bwana fundi. Mimi ni keateka wa jengo la ofisi hapa Nyali, Mombasa. Juzi stima zilipotea, jenereta ikakawia kuwaka, na mlango mkubwa wa kioo ukabaki umefungwa watu wakiwa ndani karibu dakika 20. Mwenye jengo anasema ni kawaida ya mlango wa stima. Ni kweli? – Keateka

Si kweli kaka, na nashukuru umeandika, kwa sababu barua hii ndo ningetaka kila mwenye jengo aisome. Mlango wa kutokea watu haufai kubaki umefungwa umeme ukipotea. Mimi kabla sijauliza rangi ya fremu wala bei nauliza hilo kwanza: umeme ukikatika huu mlango utafanya nini? Na kukatika kwetu hakuna mgeni nako, Agosti 2023 Kenya karibu nchi nzima ilikaa gizani, na Aprili Mosi 2024 gridi ya Tanzania ikaanguka. Dakika 20 zenu zilikuwa za joto na kero. Zingekuwa na moshi tungekuwa tunaongea mengine.

Mambo matatu yanaweza kuwa yametokea, na mara nyingi yanatokea pamoja. Betri imekufa. Ndani ya ule mfuniko wa juu kuna betri ndogo, umeme ukiondoka yenyewe inatakiwa iufungue mlango na kuuacha wazi. Joto la pwani linaziua haraka, mimi nabadilisha kila baada ya miaka 2 hata kama bado inaonyesha uzima, na tarehe naiandika juu yake kwa maka peni. Pili, pengine ipo na inafanya kazi ila aliyefunga aliipangia ifunge badala ya kufungua, bodi nyingi zinakubali vyote viwili, wengine wanachagua kufunga kwa kuogopa wezi. Usiku sawa, mchana watu wakiwa ndani haikubaliki. Tatu ni kufuli ya umeme. Ziko zinazojiachia umeme ukiondoka na ziko zinazobaki zimeshika, na ukitazama kwa nje zinafanana, angalia maandishi yake au uipime kwa kuichomoa.

Mkifika kwenye kurekebisha, ombeni na majani yanayosukumika, yaani mtu akiwa ndani akikisukuma kioo kwa nguvu kinafunguka kwa nje kama mlango wa kawaida hata kama mota imekufa kabisa. Si kila mlango wa kuteleza unayo hiyo, kwa jengo lenu la ofisi ningeilipia. Na king'ora cha moto kiunganishwe na bodi ya mlango, kikilia mlango ufunguke na ubaki hivyo. Waya wake ni mwembamba na kazi yake ni ya siku moja, sijui kwa nini watu wanaiacha.

Hiyo jenereta nayo iangalie. Umeme unaporudi na jenereta inapopokezana na laini kuu kunatokea mshtuko, na bodi za milango mingi zilizokufa mikononi mwangu zilikufa dakika hiyo. Muweke kifaa cha kuzuia mshtuko kwenye laini ya mlango, mlango uwe na breka yake peke yake, na waya wa ethi uwe umefika ardhini kweli, nimefungua boksi nyingi nikaukuta umekunjwa umefichwa ndani.

Wiki hii fanya hivi. Chagua saa za kazi, waambie watu unajaribu mlango, simama ndani na mwenzako azime breka yake. Hesabu. Ukifunguka na kubaki wazi, zima na uwashe mara tatu kuhakikisha. Ukibaki umefungwa, basi kuanzia dakika hiyo uweke kwenye ile swichi ya kubaki wazi mchana kutwa, mlinzi akae pale, eisii ipoteze ubaridi wake, mpaka fundi aje na betri mpya. Mwenye jengo akilalamikia bili mwonyeshe barua hii.